Ukiombwa Kujiunga na Jaribio la Tiba ya Mapafu

Mwaliko huja kimyakimya. Mhudumu wa afya wa jamii anapita nyumbani na simu yake ya kazi, anauliza kama kuna mtu anayekohoa miezi nenda miezi rudi, au anayeishiwa pumzi akipanda mlima kutoka mtoni. Au umekwenda kliniki ya kifua katika hospitali kuu ya kaunti pale Kakamega, umeshapewa dawa zako, na muuguzi anakwambia upitie chumba cha pili, kuna watu wa utafiti wangependa kuzungumza nawe. Unaingia, unakaribishwa kiti, na mtu mwenye adabu zake anakufungulia karatasi zenye kurasa kumi na kitu. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya saa hiyo, na kwa miezi itakayofuata iwapo utakubali.

Sababu za kuitwa ni nyingi hapa kwetu. Ukishuka matatu Sigalagala, kwenye barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, ukaingia kijiji chochote jioni, utaona moshi ukipenya kwenye mapaa ya majiko. Mama aliyepikia kuni tangu usichana wake, katika jiko lenye kidirisha kimoja, anaweza kuwa na mapafu yaliyochakaa kama ya mvutaji sigara, ingawa sigara hajawahi kuigusa. Upande wa Musoli na Bushiangala, huko Ikolomani, watu hushuka mashimoni kutafuta dhahabu, na mawe yale yakipondwa hutoa vumbi la silika, ambalo likishakaa ndani ya mapafu hakuna dawa ya kulitoa. Wapo waliougua kifua kikuu, wakameza dawa miezi sita bila kukosa, makohozi yakapimwa yakaonekana safi, lakini pumzi haikurudi ilivyokuwa. Wapo wenye pumu ya tangu utotoni. Wilayani Masindi, Uganda, watafiti waliwapima watu wazima wa vijijini mwaka 2012 na kukuta karibu mmoja kati ya sita, asilimia 16.2 ya waliozidi miaka 30, ana ule ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa ambao madaktari huuita COPD. Masindi ni mashamba, kuni na majiko ya moshi, maisha ambayo mtu wa Ikolomani hahitaji kuelezwa.

Kwa hiyo usishangae ukiitwa. Watafiti wanatafuta wagonjwa walipo wagonjwa.

Jaribio ni swali

Jambo moja nalitilia mkazo kuliko mengine yote: jaribio la tiba ni swali ambalo jibu lake bado halijulikani, hata na daktari anayekuuliza. Kama angejua kwamba dawa hiyo inafaa, asingekuwa na ruhusa ya kuijaribu kwa watu, angekuandikia tu. Unapoenda kliniki, kazi ya daktari ni kukutafutia wewe nafuu. Unapoingia kwenye jaribio, kazi kuu ya mtafiti ni kupata jibu, na wewe unaombwa kumsaidia kulipata. Anapaswa kukulinda, na sheria inambana akulinde, lakini hakuahidi kupona. Akikuahidi, ondoka.

Nasema hivi kwa sababu ninayoiogopa zaidi si hofu ile ya zamani ya mumiani, ya watu wanaokuja na magari kunyonya damu. Hofu hiyo ina mizizi yake, wala haifai kuchekwa. Kule Alabama, Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili ugonjwa utazamwe unavyokwenda, hata baada ya penisilini kupatikana. Kanuni nyingi zinazokulinda leo ziliandikwa kwa sababu ya mambo kama hayo. Ninachokiogopa mimi kwa mgonjwa wa Sigalagala ni kukubali kwa sababu ya shida. Kipimo cha spirometa, mashine ya kupima nguvu ya mapafu kwa kupuliza, hakipatikani katika vituo vingi vya afya vya vijijini. Inhela ya kahawia, ile ya kuzuia pumu, mara nyingi mtu anaambiwa akajinunulie dukani. Halafu wanakuja watu wenye kipimo hicho bure, picha ya kifua bure, daktari wa mapafu bure, na nauli juu yake. Nani atakataa?

Kukubali kwa sababu hiyo si kosa. Lakini ujiambie ukweli kabla ya kushika kalamu, na uulize swali ambalo watu hawaulizi: nikikataa leo, nitapata nini hapa hospitalini? Jibu sahihi ni kwamba utapata kila kitu ulichokuwa unapata jana. Matibabu yako ya kawaida hayawezi kufungwa kwenye sahihi yako. Kama muuguzi anasita kulisema hilo waziwazi, pana tatizo.

Kwa wakazi wa Kakamega majaribio si kitu kigeni. Kati ya mwaka 2012 na 2014 wanawake wajawazito 8,246 wa vijiji vya Kakamega, Bungoma na Vihiga waliandikishwa katika jaribio kubwa lililoitwa WASH Benefits. Vijiji vingine vilipewa dawa ya kutibu maji, vingine vyoo bora, vingine mafunzo ya kunawa mikono, vingine lishe ya watoto, na vingine havikupewa chochote kati ya hivyo ili viwe vya kulinganishia. Matokeo yalipotoka mwaka 2018 yaliwashangaza wengi: hapa Kenya, maji, vyoo na kunawa mikono kwa namna vilivyotolewa havikupunguza kuhara kwa watoto, na lishe ndiyo iliyoongeza kimo chao, tena kidogo. Kuna waliosema kazi yote ilipotea bure. Mimi naona kinyume chake. Jibu la hapana, likipatikana kwa haki, huokoa pesa na miaka ya kufanya kisichofaa. Na jibu la ndiyo hufika pia: chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto wa Kilifi, Kombewa na Siaya miaka kadhaa, na ilipoanza kutolewa kwa majaribio ya utekelezaji mwaka 2019, Kakamega ilikuwa miongoni mwa kaunti 8 zilizochaguliwa.

Nani atapata dawa, nani hatapata

Majaribio mengi yana makundi mawili au zaidi. Kundi moja hupewa tiba mpya, jingine hupewa tiba ya kawaida, au dawa bandia iliyotengenezwa ifanane na ya kweli kwa rangi na ladha lakini haina kiambato cha kutibu. Nani aingie kundi gani huamuliwa na kompyuta, kama kura. Huwezi kuchagua, daktari hawezi kukuchagulia, na kumjua mtu wa ndani hakusaidii. Katika majaribio mengi hata mtafiti anayekupima hajui uko kundi lipi. Siri hiyo hufunuliwa mwisho, au mapema kukiwa na dharura ya kiafya.

Hapa ndipo mgonjwa wa mapafu anapaswa kuwa mkali. Kwa mtu mwenye pumu, kuachishwa dawa inayomzuia asibanwe ni jambo linaloweza kuua. Azimio la Helsinki, ambalo chama cha madaktari wa dunia kilipitisha mwaka 1964 na kulirekebisha mara kadhaa tangu hapo, linataka tiba mpya ilinganishwe na tiba bora iliyopo, na linaweka masharti makali juu ya dawa bandia. Njia ya kawaida katika magonjwa ya mapafu ni kila mshiriki kuendelea na dawa zake, kisha juu yake anaongezewa ama dawa mpya ama ile bandia. Uliza kama ndivyo litakavyokuwa kwako. Uliza hivi hasa: kuna dawa yangu yoyote mtakayonisimamisha, kwa muda gani, na nikibanwa usiku nitafanya nini? Inhela ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka, ibaki mfukoni mwako kila siku ya jaribio. Hilo lisijadiliwe.

Mfano wa jaribio la namna hii ni lile la BREATHE, lililofanyika Harare na Blantyre kwa watoto na vijana 347 wa miaka 6 hadi 19 wenye virusi vya UKIMWI na ugonjwa sugu wa mapafu. Nusu walipewa azithromaisini mara moja kwa juma kwa wiki 48, nusu wakapewa dawa bandia, na wote waliendelea na dawa zao za virusi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Nguvu ya mapafu haikuongezeka, na hilo ndilo lililokuwa swali kuu. Lakini vipindi vya kuzidiwa ghafla, vile vinavyomfanya mzazi akimbie hospitalini usiku, vilipungua kwa karibu nusu. Vipimo vya baadaye vya watoto walewale vikaonyesha pia kwamba vijidudu sugu kwa dawa hiyo viliongezeka. Jibu moja lilikuwa na faida na gharama ndani yake, na mzazi aliyetia sahihi mwanzoni hakuwa na njia ya kulijua. Ndivyo majaribio yalivyo.

Si kila jaribio lina dawa. Kampala, wataalamu wa mapafu wa Makerere waliwajaribia watu waliopona kifua kikuu lakini wakabaki na pumzi fupi mpango wa mazoezi na mafunzo, mara mbili kwa juma kwa wiki 6: kutembea, kuinua vitu, kujifunza kupumua na kujua ugonjwa wao. Jaribio la namna hiyo halina kidonge kipya cha kuogopa, ila lina gharama nyingine, nayo ni siku zako za kazi. Mtu wa kibarua ahesabu siku hizo mapema.

Karatasi

Fomu ya ridhaa ndiyo roho ya jambo zima, na hapa naomba uniwie radhi nikikaa kidogo.

Una haki ya kuisoma au kusomewa kwa lugha unayoielewa vizuri. Kiswahili kinatosha kwa wengi. Kwa kukhu, yaani bibi, wa miaka 70 ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, aelezwe kwa Kiluhya cha Isukha au Idakho, na asitafsiriwe na mjukuu wa darasa la saba bali na mtu aliyefunzwa. Asiyejua kusoma hutia alama ya dole gumba, na hapo sheria za utafiti zinataka pawepo shahidi asiye mmoja wa watafiti, ambaye amesikia maelezo yote tangu mwanzo mpaka mwisho. Shahidi anayeitwa kutoka nje dakika ya mwisho ili atie sahihi tu hakushuhudia kitu.

Geuza kurasa, utafute muhuri wa kamati ya maadili. Hakuna jaribio halali bila kamati kama hiyo kulipitia. KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ina kitengo chake, Hospitali ya Rufaa ya Moi kule Eldoret ina kamati yake pamoja na Chuo Kikuu cha Moi, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hapo Kakamega nacho kinayo. Jaribio la dawa lazima pia liwe limeruhusiwa na Bodi ya Dawa na Sumu ya Nairobi, na watafiti wawe na leseni ya tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, leseni ambayo hubeba alama ya mraba unayoweza kuipiga picha kwa simu ili kuona kama ni ya kweli. Mengi huandikwa vilevile katika daftari la majaribio ya Afrika lijulikanalo kama PACTR, ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua mtandaoni. Kijana wa nyumbani mwenye simu anaweza kuyakagua haya jioni moja. Mpe kazi hiyo.

Kisha tafuta mambo haya ndani ya maandishi yenyewe, na ukikosa hata moja uliza. Damu kiasi gani, mara ngapi: mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo mililita 20 ni vijiko vinne. Damu na makohozi vitapelekwa wapi, vitahifadhiwa miaka mingapi, vitasafirishwa nje ya nchi au la, na kama vitapimwa vinasaba. Mara nyingi kuna kisanduku cha kukubali au kukataa kuhifadhiwa kwa sampuli kwa tafiti za baadaye. Unaweza kukataa hicho na bado ukashiriki, isipokuwa fomu iseme vinginevyo. Nani atalipa ukidhurika: Bodi ya Dawa na Sumu inataka majaribio ya dawa yawe na bima ya washiriki, na fomu inapaswa kusema matibabu ya madhara ni juu ya nani. Nauli ni kiasi gani na italipwa lini, kwa sababu matatu ya kwenda Kisumu haisubiri hati za mhasibu. Nambari ya simu ya mtafiti mkuu iwe humo, na nambari ya kamati ya maadili iwe humo pia. Hiyo ya pili ndiyo ya kupiga ukiona unaonewa, kwa maana wanakamati hawaajiriwi na mtafiti.

Usilipe chochote. Hakuna ada ya kujiandikisha, ya kadi, wala ya kuharakishiwa. Anayekudai hata shilingi mia ili akuingize kwenye utafiti ni tapeli, na mwenye kuuza dawa ya kifua kwa jina la majaribio sokoni Khayega au kwingineko ni tapeli zaidi.

Kuhusu chifu na mzee wa kijiji: wao hutoa ruhusa watafiti waingie kijijini, na hilo ni jambo la heshima. Ruhusa yao haiwi ridhaa yako. Vivyo hivyo mwalimu kwa mwanafunzi wake, mwenye shimo kwa wachimbaji wake, na mume kwa mkewe. Kushauriana nyumbani ni vizuri, tena nakuhimiza ushauriane, lakini mtu mzima hutia sahihi yake mwenyewe. Mwanafunzi wa chuo aliyefikisha miaka 18 ni mtu mzima katika hili. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye hutoa ridhaa, na mtoto mwenye umri wa kuelewa huulizwa pia kama anakubali; akisema hapana, asishurutishwe kwa kuwa mama ameshaweka sahihi.

Usitie sahihi siku hiyo hiyo kama moyo haujatulia. Chukua nakala, nenda nayo nyumbani, lala juu yake. Mtafiti wa kweli anakuruhusu. Mwonyeshe mtu anayekutibu siku zote, kama ni Iguhu, kama ni Mukumu au zahanati ya karibu, umuulize kama ana wasiwasi wowote kwa ugonjwa wako na dawa unazotumia.

Siku ya kipimo

Utaambiwa usitumie inhela ya bluu kwa saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo, ila kama umebanwa. Neno hilo la mwisho ni muhimu: ukibanwa, vuta dawa, kisha uwaambie, kipimo kitaahirishwa na hakuna atakayekulaumu. Usile ukashiba sana, usivae nguo ya kubana kifua. Waambie kama umefanyiwa upasuaji wa jicho, kifua au tumbo karibuni, kama umepata shida ya moyo, au kama umekohoa damu, kwa kuwa kupuliza kwa nguvu kunaweza kukudhuru katika hali hizo.

Kipimo chenyewe ni hivi. Unakaa wima kwenye kiti, miguu sakafuni. Pua inabanwa kwa kibanio laini. Unawekewa kidomo kipya cha karatasi au plastiki, unakizingira kwa midomo pasipo hewa kutoroka. Unavuta pumzi mpaka kifua kigome, kisha unapuliza kwa kishindo, na hapo mpimaji anaanza kukupigia kelele kama wa kwenye mpira: puliza, puliza, endelea, endelea, usiache! Wewe unahisi hewa imekwisha, yeye bado anataka. Kichwa kinaweza kuwa chepesi kidogo. Unapumzika, unarudia, kwa uchache mara tatu nzuri, na si zaidi ya mara nane. Baadaye unavutishwa dawa ya kufungua kifua, unasubiri kama robo saa, unapuliza tena.

Mashine inatoa karatasi yenye mchoro na tarakimu. Omba nakala. Tarakimu moja ni hewa uliyoitoa sekunde ya kwanza, nyingine ni hewa yote uliyoitoa. Ya kwanza ikigawanywa kwa ya pili, na jibu likiwa chini ya 0.70 hata baada ya kuvuta dawa, njia zako za hewa zimebana kwa namna isiyofunguka kabisa. Karatasi hiyo ihifadhi pamoja na kadi yako ya hospitali. Pengine ndiyo mara ya kwanza maishani kupimwa hivyo, na daktari yeyote utakayemwona miaka mitano ijayo atafurahi kuiona, jaribio liwe limefaulu au halikufaulu.

Ukishaingia

Kumeza au kuvuta dawa kwa saa uliyoelekezwa ni sehemu ya makubaliano, na ukisahau sema umesahau. Wagonjwa wetu wana adabu ya kutotaka kumvunja moyo daktari; anaulizwa kama alimeza dawa zote, anaitikia ndiyo, kumbe nusu iko kwenye kikopo. Adabu hiyo huharibu jibu kwa wote. Rudisha vidonge vilivyobaki na inhela tupu bila haya. Usimgawie jirani. Najua jirani akibanwa usiku ni vigumu kumtazama tu, lakini unachomgawia hujui ni dawa au ni bandia, na yeye anahitaji hospitali.

Waambie watafiti dawa zote unazotumia, pamoja na mitishamba, dawa za presha, za virusi na za kifua kikuu. Mitishamba hasa watu huificha kwa kuogopa kukemewa. Itaje. Kama ni inhela yenye steroidi, sukutua kwa maji kila baada ya kuvuta, usije ukapata utando mweupe mdomoni. Jambo lolote jipya mwilini, hata usilodhani linahusiana na kifua, lipeleke: masikio kuvuma, moyo kwenda mbio, vipele, usingizi kupotea. Mwanamke akipata mimba aseme mara moja. Majaribio mengi ya dawa hutaka njia ya uzazi wa mpango kwa kipindi chake chote, na hilo pia lizungumzwe na mwenzako mapema, si baada ya sahihi.

Wachimbaji wana tatizo lao. Mtu yuko Bushiangala mwezi huu, mwezi ujao amesikia dhahabu Migori. Kama jaribio linataka ufuatiliwe mwaka mzima na unajua hutulii, sema ukweli tangu mwanzo. Na hakuna jaribio litakalokufaa ukiendelea kuponda mawe makavu bila maji na bila kinga ya pua. Vivyo hivyo kwa mama na jiko lake: kupanua dirisha, kukausha kuni, kuhamishia mafiga nje msimu wa kiangazi, hayo hayangojei matokeo ya mtu yeyote.

Wakati wowote unaweza kuacha. Huhitaji kutoa sababu, hulipishwi nauli ulizokwisha pewa, na matibabu yako ya kawaida yanaendelea. Ila usiache kwa kupotea. Nenda, au piga simu, useme naacha, kwa sababu kuna dawa ambazo hazikatizwi ghafla na wanapaswa kukuonyesha namna ya kuziacha. Uliza pia taarifa zako zitafanywaje. Taarifa za afya ni nyeti mbele ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na una haki ya kujua nani anazishika.

Ukizidiwa usiku, usingoje asubuhi umpigie mtu wa utafiti. Midomo kuwa ya buluu, kushindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, inhela ya bluu kutosaidia: hayo ni ya hospitali sasa hivi, iliyo karibu, na kadi ya utafiti iwe mkononi ili wanaokutibu wajue unatumia nini na wampigie nani.

Siku ya mwisho

Majaribio huisha. Magari hayaonekani tena, chumba cha pili kinarudi kuwa stoo, na mgonjwa anabaki na kifua chake. Kwa hiyo swali la mwisho liulizwe siku ya kwanza, kabla ya sahihi: dawa ikionekana kunifaa, nitaendelea kuipata baada ya jaribio kwisha, kutoka kwa nani na kwa muda gani? Azimio la Helsinki linataka jambo hili lipangwe kabla jaribio halijaanza na mshiriki aelezwe. Huenda jibu likawa kwamba hakuna mpango huo. Bora ulisikie mapema, ukaamua ukiwa na macho wazi, kuliko kulisikia ukiwa umeshazoea kulala usiku mzima bila kukohoa.

Dai pia barua ya kumpelekea daktari wako wa kawaida, inayosema ulikuwa kwenye jaribio gani, ulitumia nini ikishajulikana, na vipimo vyako vilikuwaje mwanzo na mwisho. Na dai matokeo. Huchukua muda, mwaka, miwili, wakati mwingine zaidi, lakini waliotoa pumzi zao kwenye mashine ile wana haki ya kuambiwa kilichopatikana, kwa lugha yao, katika baraza lao, si yasomwe na wageni tu kwenye majarida ya nje. Mkumbushe mhudumu wa afya wa jamii. Mkumbushe chifu. Na siku baraza la matokeo likiitishwa, nenda, ukakae mbele, uulize ulichotaka kuuliza siku zote hizo.